Nani Alishika Kalamu ya Jaramogi?

Mwaka wa 1967 kampuni ya Heinemann ilitoa kitabu kiitwacho Not Yet Uhuru. Jaladani kuna jina la mwandishi mmoja tu: Oginga Odinga. Ni hadithi ya maisha yake: utoto wa Bondo, masomo ya Maseno na Makerere, biashara ya Kisumu, siasa za kudai uhuru, mpaka Aprili 1966 alipojiuzulu umakamu wa rais na kwenda kuongoza chama cha upinzani, KPU. Dibaji ni ya Kwame Nkrumah. Zaidi ya nusu karne imepita na kitabu bado kinachoma.

Sasa, aliyekaa na maneno ya Odinga, akayapanga, akayapunguza, akayashona mpaka yakawa kitabu, alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliitwa Ruth First, mwanahabari wa Johannesburg aliyezaliwa 1925. Mwaka wa 1963 makaburu walimfungia siku 117 bila kesi, na mwaka uliofuata akakimbilia London. Ndiye pia aliyehariri kitabu cha Govan Mbeki, The Peasants' Revolt, kilichotoka 1964 wakati Mbeki mwenyewe yuko jela. Mikono yake imo katika vitabu ambavyo jina lake halipo jaladani.

Basi mwandishi wa Not Yet Uhuru ni nani? Uliza swali hilo Kisumu uone utakavyotazamwa. Ni kitabu cha Jaramogi, bana. Kuna swali gani hapo?

Swali lipo, ila limerudi na sura nyingine. Leo kijana anapanda matatu Kisumu kuelekea Busia, anafungua programu ya akili mnemba kwenye simu, ile tunayoiita AI, anaiandikia sentensi mbili, na kabla gari halijafika Maseno ana kitabu cha sura kumi na mbili. Akishuka Luanda ameshatafuta picha ya jalada. Jioni kitabu kiko Amazon, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Wenzake wengine wanampongeza, wengine wanamcheka. Huyu ni mwandishi au ni mtu mwenye bando tu?

Wanaomcheka husema: hukuandika, umeandikiwa. Lakini tukishika kipimo hicho, Odinga naye anaanguka, na nusu ya rafu ya vitabu vya pwani hii ya ziwa inaanguka pamoja naye. Wanaompongeza husema: chombo ni chombo, hakuna anayeuliza kama mwandishi alitumia kalamu au taipureta. Lakini taipureta haijawahi kumtungia mtu sura ya tatu akiwa amelala. Pande zote mbili zinabishana kuhusu nani alishika kalamu. Ukisoma historia ya vitabu vya huku ziwani, unaona watu walikuwa wakiuliza jambo tofauti.

Pim na wasikilizaji wake

Kabla ya kitabu kulikuwa na siwindhe. Katika boma la Wajaluo hiyo ilikuwa nyumba ambamo wasichana walilala chini ya uangalizi wa bikizee aliyeitwa pim. Usiku alisimulia. Huko ndiko mtu alikosikia jinsi kijiji kizima kilivyozama karibu na Kendu Bay kwa sababu ya kumnyima mgeni mzee chakula na pa kulala, na mahali pake pakabaki ziwa la Simbi Nyaima. Huko ndiko kulikotajwa Lwanda Magere wa Kano, shujaa ambaye mkuki haukumpenya mpaka siri ya kivuli chake ilipofichuka. Na Nyamgondho wa Gwassi, mvuvi maskini aliyevua mwanamke ziwani, akatajirika, akamtukana, akaona ng'ombe wake wote wakimfuata mwanamke yule kurudi majini.

Pim hakuwa mtungaji wa hadithi hizo na hakudai kuwa hivyo. Lakini hakuwa spika ya ukutani pia. Alisimulia mbele ya watu waliomjua, na wengi wao walikuwa wameshaisikia hadithi hiyo. Akiruka mahali, yupo wa kumkatiza. Na kesho yake yuko pale pale bomani: ukitaka kumuuliza kwa nini jana alisema hivi na si vile, unajua mlango wake.

Muziki wa nyatiti uliendeshwa vivyo hivyo. Jathum, mpiga nyatiti, hutunga papo hapo na kuwataja watu kwa majina. Msikilizaji anaweza kutoa pesa, muziki ukasimama, akajisifu yeye na ukoo wake, ndiyo pakruok. Maneno ya jathum yana wenyewe, na wenyewe wamekaa mbele yake. Akimharibia mtu jina, hatangoja barua ya wakili.

Maneno yale yalikuwa ya wengi, yamepita midomo mingi, lakini kila mara yaliposemwa kulikuwa na mtu mmoja wa kuyajibia.

Kutoka siwindhe hadi kitabu

Kizazi kilichozaliwa ziwani kati ya vita viwili vya dunia ndicho kilichobeba maneno hayo hadi kwenye karatasi. Kabla yao alikuwepo Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, aliyechapisha Luo Kitgi gi Timbegi mwaka wa 1938, kitabu cha mila na desturi za Wajaluo kwa Dholuo. Mila hazikuwa zake peke yake, wala hakuzibuni. Hata hivyo kitabu ni chake, na mpaka leo mtu akibishana kuhusu mazishi au mahari, utasikia jina lake likitajwa kama la shahidi.

Grace Ogot alizaliwa 1930, kwao Asembo, na alisikia hadithi kutoka kwa nyanya yake. Mojawapo ni ya Oganda, binti wa chifu anayetolewa kafara kwa dude la ziwani ili mvua inyeshe. Ogot aliiandika kwa Kiingereza na ikaingia katika mkusanyo wake Land Without Thunder, wa 1968, kwa jina The Rain Came. Kwa nini hatusemi aliiba hadithi ya nyanya? Kwa sababu kila mtu alijua ilikotoka, na kwa sababu yeye aliingia ndani ya Oganda, akatembea naye kwenda ziwani, akatuonyesha hofu ambayo si lazima msimulizi wa usiku akae nayo. Kuna kitu alichokileta. Mwaka wa 1983 alitoa Miaha kwa Dholuo. Okoth Okombo alipokitafsiri kwa Kiingereza na kikatoka 1989 kama The Strange Bride, mikono ikawa miwili na kila mkono ukajulikana kazi yake.

Asenath Bole Odaga wa Rarieda alikwenda hatua moja mbele. Alikusanya hadithi simulizi, akazitoa 1980 katika kitabu alichokiita Thu Tinda!, maneno ambayo msimulizi wa Kijaluo hufungia hadithi. Akaandika kitabu cha kufundisha fasihi simulizi. Kisha akaanzisha kampuni yake ya uchapishaji mjini Kisumu, Lake Publishers, na mwaka wa 2005 ikatoa kamusi yake ya Dholuo. Alikuwa mkusanyaji, mwandishi, mhariri, mchapishaji. Ukiwa na malalamiko juu ya neno lolote katika vitabu vyake, ulijua mji na ulijua mtu.

Halafu kuna Bethwell Ogot, mume wa Grace. Mwaka ule ule wa 1967, mwaka wa kitabu cha Odinga, alitoa History of the Southern Luo. Huo ulikuwa wakati ambapo wanahistoria wengi wa Ulaya waliamini kwamba pasipo maandishi hapana historia. Ogot akaenda kwa wazee, akasikiliza, akalinganisha ukoo na ukoo, akahesabu vizazi. Kazi ya namna hiyo ina kanuni moja ambayo bila hiyo inageuka porojo: anayesema hutajwa. Mzee fulani, wa ukoo fulani, alisema hivi. Kama amekosea, anajulikana amekosea nani. Kama mwanahistoria amemnukuu vibaya, watoto wa mzee watamwendea.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeandika kutoka hewani. Wote walitumia maneno ya wengine. Tunawaita waandishi bila kigugumizi kwa sababu walileta kitu, walitaja walikokitoa, na walikaa mahali ambapo wangeweza kuulizwa.

1969

Februari 1969, mjini Paris, mwanafalsafa Michel Foucault alitoa mhadhara akiuliza mwandishi ni kitu gani. Hoja yake moja ni hii: maandishi yalianza kuwa na waandishi, kwa maana tunayoijua, pale waandishi walipoanza kuweza kuadhibiwa. Kabla kitabu hakijawa mali, kilikuwa kitendo chenye hatari.

Miezi minane baadaye, mtu wa Kisumu hakuhitaji Foucault. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja kufungua hospitali kuu ya Nyanza, ile iliyojengwa kwa msaada wa Urusi na ambayo watu wanaiita Russia mpaka leo ingawa sasa ina jina la Jaramogi. Odinga na Kenyatta wakarushiana maneno hadharani. Ghasia zikazuka, risasi zikafyatuliwa kwenye umati, watu wakauawa. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Alitoka 1971.

Hakukamatwa kwa sababu ya kitabu. Lakini aliyosema katika Not Yet Uhuru na aliyosema pale uwanjani yalikuwa ya mtu mmoja: kwamba uhuru uliokuja haukuwa ule watu waliougania. Alipoulizwa, hakusema "hayo ni ya Ruth." Hangeweza kusema hivyo, na hakuna ambaye angemwamini. Aliyajibia kwa mwili wake.

Ruth First naye alikuwa na la kupoteza. Tarehe 17 Agosti 1982, akiwa ofisini kwake Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, Maputo, alifungua barua iliyokuwa na bomu. Ilikuwa imetumwa na polisi wa serikali ya ubaguzi wa rangi. Alikufa papo hapo.

Nayataja haya kwa sababu watu hupenda kusema AI ni kama msaidizi wa kuandika, kama mhariri, kama Ruth First wa kila mtu. Ngoja kwanza. Ruth First angeweza kumwambia Odinga, "Hili si kweli, siliandiki." Alikuwa na msimamo wake, na msimamo huo ndio uliomuua. Nyuma ya Not Yet Uhuru kulikuwa na watu wawili ambao wote walikuwa na shingo ya kukatwa. Mashine haina shingo. Hiyo haimaanishi haifai kutumika. Inamaanisha kwamba mzigo wote wa kujibu unamwangukia yule mmoja aliyebaki.

AI iliyokuwa na kodi ya nyumba

Sisi Wakenya tuna sababu nyingine ya kulijua swali hili kuliko wengi. Kwa zaidi ya muongo mmoja, vijana waliomaliza chuo na kukosa kazi, Nairobi, Eldoret, Kisumu na kwingine, waliandikia wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia insha za chuo. New York Times waliandika juu yao 2019. Mwaka wa 2024 ikatoka filamu, The Shadow Scholars, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mwenye asili ya Kenya, akiwatafuta waandishi hao wa kivulini.

Kazi ilikwenda hivi. Mteja anaandika maagizo: mada, idadi ya maneno, mtindo wa marejeo, saa ya kukabidhi. Anabonyeza. Analala. Asubuhi anakuta insha, anaweka jina lake juu.

Hebu soma tena hayo maneno. Si ndiyo AI hiyo? Tofauti ni kwamba hii ilikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa na umeme unaopotea saa nne usiku.

Mwaka wa 2022 England ikapitisha sheria ya kuharamisha biashara ya kuuza insha. Kisha tarehe 30 Novemba mwaka huo ChatGPT ikafunguliwa kwa umma, na oda zikaanza kukauka. Mteja ni yule yule, maagizo ni yale yale, anayejibu ndiye aliyebadilika. Na hata huyo mpya si mgeni kabisa: Januari 2023 jarida la TIME lilifichua kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma na kupanga maandishi machafu kabisa ya mtandaoni ili mfumo huo ujifunze kuyaepuka. Mtu akisema AI imeandika "yenyewe," hajachungulia jikoni.

Sasa zile insha, mwandishi wake alikuwa nani? Si mwanafunzi wa ng'ambo. Mwite mbele ya mwalimu umwambie atetee ukurasa wa tatu, atatoa jasho. Basi ni kijana wa Kisumu? Yeye angeweza kuutetea, lakini hakuna aliyejua kwamba yupo. Malipo yake yalikuwa pamoja na kufutika. Aliyetajwa hakuweza kujibu, na aliyeweza kujibu hakutajwa. Insha zile zilikuwa na waandishi wawili kwa hesabu, na hata mmoja kwa ukweli.

Weka Not Yet Uhuru kando yake. Pale pia mmoja alisema na mwingine akaandika, na jaladani kuna jina moja. Lakini aliyetajwa aliweza kujibu kila ukurasa, maana maisha yalikuwa yake na msimamo ulikuwa wake.

Sheria inasemaje

Watu wengi hushangaa kusikia kwamba sheria ya Kenya ilishajibu swali hili zamani. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, katika sehemu ya tafsiri ya maneno, inasema kwamba kazi ya fasihi, ya tamthilia, ya muziki au ya sanaa ikitengenezwa na kompyuta, mwandishi wake ni mtu aliyefanya mipango iliyohitajika ili kazi hiyo ipatikane. Uingereza ina kifungu kama hicho tangu 1988. Kwa hiyo yule kijana wa matatu ya Busia ana hoja mahakamani. Aliagiza, alipanga, alichagua. Anaweza kudai ni mwandishi.

Marekani wamekwenda njia nyingine. Stephen Thaler alijaribu kusajili picha akiitaja mashine yake kuwa ndiyo mtunzi. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Washington ikasema hakimiliki inahitaji mtu. Na ofisi yao ya hakimiliki imesema, mwaka huo huo, kwamba kuandika maagizo peke yake hakutoshi kumfanya mtu mwandishi. Amazon nao, wakizidiwa na mafuriko ya vitabu, waliweka kikomo Septemba 2023: mtu asipandishe vitabu vipya zaidi ya vitatu kwa siku. Vitatu kwa siku! Grace Ogot angehitaji maisha mangapi?

Lakini hakimiliki inauliza mali ni ya nani, nani alipwe, nani azuiwe kunakili. Hilo ni swali la haki, ila si lile ambalo watu wa ziwani walimuuliza pim. Ndiyo maana Kenya ilihitaji sheria nyingine, ya 2016, ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni: ilionekana kwamba kuna maneno ambayo mwenyewe ni jamii nzima, na hakimiliki ya mtu mmoja haiwezi kuyabeba. Hadithi ya Nyamgondho iko upande huo. Unaweza kuwa na hakimiliki ya kitabu chako kuhusu Nyamgondho. Nyamgondho mwenyewe huna.

Binti wa Dunga

Kuna hoja moja dhidi ya haya yote ambayo siwezi kuipita haraka, kwa sababu ni nzito. Odinga alikuwa na Ruth First kwa kuwa alikuwa Odinga. Alikuwa amekuwa makamu wa rais, alijulikana London, Heinemann walimtaka. Mama anayekaanga samaki pale ufuo wa Dunga, aliyeona magugumaji yakifunga ziwa, sangara wakipungua, mtoto akirudi kutoka Ghuba na begi tupu, yeye ana maisha ya kitabu na hana Ruth. Hana mhariri, hana wakala, pengine hana Kiingereza cha kutosha wala muda wa kukaa chini. Binti yake akichukua simu, akamrekodi mamake jioni kumi, akaiambia AI ipange, isafishe, itafsiri, halafu wakasoma pamoja na mama akasema "hapa sivyo nilivyosema, futa," kitabu kikitoka ni cha nani?

Ni cha mama. Kwa kipimo kile kile kilichofanya Not Yet Uhuru kuwa cha Jaramogi. Maisha ni yake, ushahidi ni wake, na ukimwendea pale penye karai lake la mafuta ukamuuliza ukurasa wa arobaini una maana gani, atakueleza mpaka samaki waungue. Nitakuwa wa kwanza kununua. Na wanaosema huyo si mwandishi kwa kuwa mashine ilipanga aya, waende kwanza wafute jina la Odinga.

Kwa hiyo tatizo langu na yule kijana wa matatu si simu yake. Tatizo ni kwamba alipoandika zile sentensi mbili hakuleta kitu. Hakuleta maisha, hakuleta mzee aliyemsikiliza, hakuleta hata swali lililomnyima usingizi. Na kitabu kilipokamilika hakukisoma kiasi cha kuweza kukijibia. Sheria itampa karatasi. Lakini amekaa pale pale alipokaa mwanafunzi wa ng'ambo: jina juu, jasho mbele ya mwalimu.

Kwa nini ziwani inauma zaidi

Unaweza kusema, basi shida iko wapi? Vitabu vibaya vimekuwepo siku zote. Kwa Kiingereza, kweli, kitabu kimoja cha uongo ni tone baharini. Kuna vingine elfu vya kukisahihisha. Kwa Dholuo, Kisuba au Kiluhya hali si hiyo. Maandishi ni machache. Lugha ya Kisuba ya visiwa vya Rusinga na Mfangano imemezwa sana na Dholuo, na wanaoizungumza kama lugha ya kwanza nyumbani wanazidi kupungua.

Sasa piga picha. Mtu anaagiza vitabu thelathini vya hadithi za watoto za ziwani. Mashine, kama ilivyo kawaida yake, ikikosa inabuni, na inabuni kwa sauti ile ile ya kujiamini. Lwanda Magere anapewa mke asiyewahi kuwa naye. Simbi Nyaima inahamishiwa Uganda. Vitabu vina picha nzuri, bei ni rahisi, mwalimu mmoja anavinunua. Baada ya miaka mitano mashine nyingine inajifunza kutoka kwa vitabu hivyo, na sasa uongo una marejeo. Pim ameshakufa. Nani wa kukatiza?

Hapo ndipo ninapoona hatari, wala si kwamba waandishi watapoteza heshima. Heshima ya waandishi haijawahi kulipa bili huku kwetu. Hatari ni kuwa na rafu imejaa vitabu ambavyo vina majina jaladani na havina mtu wa kuulizwa.

Dawa yake si ngumu na si mpya. Ogot na wenzake waliitumia kwa wazee: taja. Kitabu kilichopita kwenye mashine kiwe na ukurasa mmoja mwanzoni unaosema wazi nani alisimulia, nani aliuliza maswali, mashine gani ilipanga au kutafsiri, na nani alisoma neno kwa neno akakubali kubeba lawama. Ruth First alistahili ukurasa kama huo miaka ile. Waandishi wa insha walistahili. Ukurasa huo haumpunguzii mtu uandishi, na ukiona aibu kuuandika, tayari umepata jibu la swali lako.

Mwisho wa yote kitabu hutoka kwenye simu kikafika kwa watu. Siku kitakapotandazwa chini pale soko la Kibuye, mzee kutoka Gwassi atainama, atakichukua, atapekua mpaka kwa Nyamgondho, atasoma polepole huku akitikisa kichwa. Halafu atakuuliza ni nani aliyekuambia hivi. Uwe na jina la kumpa.